Nani Alipaka?

Kabla hajakusalimia, fundi wetu wa redio alikuuliza: "Nani alipaka?"

Ungefika kwenye kibanda chake umebeba kimashine chako cha kaseti kwa kile kishikio cha juu, umejitayarisha kueleza ugonjwa wake tangu ulipoanza, na yeye hata uso wako hajautazama. Ametazama mashine. Amefungua kale kamlango ka kaseti, ameinamisha pua, amenusa. "Nani alipaka?" Na wote, tangu mke wa karani mpaka muuza samaki wa Nzilo, walijibu jibu moja: hakuna mtu alipaka.

Walikuwa wanadanganya. Anayesoma akiwa mbali na Kolwezi hatajua kwa nini, basi nieleze. Hapa kwetu kila nyumba ina mume, au kaka, au mtoto wa kiume anayefanya kazi mgodini, na kila afanyaye kazi mgodini huleta grisi kidogo nyumbani ndani ya kopo la nyanya lililokwisha. Mlango ukilia, grisi. Baiskeli ikilia, grisi. Cherehani ikikaza, grisi. Wakati wa kiangazi visigino vya watoto vikipasuka, grisi. Jirani yangu Mama Feza aliwahi kumpaka mbuzi wake kwenye kidonda, mbuzi akapona, basi imani yetu ikazidi. Kwa hiyo kaseti ikianza kukokota sauti kama mlevi anayerudi nyumbani, mtu anafanya nini? Anachukua kopo.

Na hapo ndipo anaiua. Fundi alieleza jambo hilo, habari ya ule utepe wa kaseti tunaouita bande, mpaka mate yakamkauka. "Mu mashine muko bitu ya kuteleza na bitu ya kukamatana," alisema. "Huu mpira mudogo njo unakamata gurudumu. Ukiupaka, unateleza. Ukiteleza, gurudumu ya kukusanya bande inalala, na hii ingine iko nasukuma tu. Sasa bande itaenda wapi? Itaenda mu tumbo." Watu waliitika ndiyo, Tata Fundi, yaani baba Fundi, tumesikia, wakarudi nyumbani wakapaka.

Jina lake ninalijua. Majina yote ya watu waliopita kwenye ile kona ya soko ninayajua, maana niliuza bitumbula pale, vile viduara vya unga wa ngano tunavyokaanga katika mafuta, meza yangu imegusana na kibanda chake. Lakini jina lake siliandiki. Hakupenda liitwe ovyo barabarani. Mkewe alipofariki, aliyebaki na ruhusa ya kuliita alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa mtoto mdogo: binti yangu wa kwanza, Ndaya.

Ndaya lilikuwa pia jina la mama yake Fundi. Kwetu sisi Waluba mtoto akibeba jina la mama yako, huyo ni mama yako, hata kama bado anakojoa kitandani. Basi nikimtuma binti yangu ampelekee bitumbula, mtoto hajafika hata kiunoni mwake, alimwita kwa jina lake kavu, kama mama anavyomwita mwanawe, na yule mzee mwenye ukali wake alivua kofia akaitika, "Eyo, mama." Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Alipokea bitumbula kwa mikono miwili.

Haya yote nayasema kwa sababu ya kaseti moja.

Ndaya alipokuwa mtu mzima alikwenda kufanya biashara Dilolo, kule mpakani, chumvi na vitenge. Mtoto wake, Kazadi, aliniachia bado ananyonya. Mimi kusoma kwangu ni kwa shida, na yeye alilijua hilo, kwa hiyo hakuandika. Alizungumza ndani ya kaseti, akampa Tata Mwamba wa reli, naye akaniletea mkononi. Kaseti moja, upande mmoja. Kilichofuata ni habari ya ugonjwa, na nyuma yake habari kwamba wamekwisha kumzika. Kaburi sijaliona. Kwa hiyo sauti ile ndiyo iliyobaki, na Kazadi, ambaye leo ana ndevu, hana kitu kingine cha mama yake.

Baada ya msiba watu wakaanza kuniita Mama Mbuyu, kwa jina la mtoto wangu wa pili, wasinichome. Walifanya hivyo kwa upendo. Fundi peke yake hakubadilisha. "Mama Ndaya, moto wako umezimika." "Mama Ndaya, leo mafuta ni ya zamani, nasikia harufu." Siku moja Mama Feza alimkemea: "Tata Fundi, unamutonesha!" Akamjibu, "Nikibadilisha, Ndaya atakuwa wa nani?"

Alikuwa mtu wa kupenda viatu. Suruali ina kiraka, shati limefifia, lakini viatu sharti ving'ae. Alikaa juu ya kreti ya bia na kuificha miguu yake chini ya meza vumbi lisivipate viatu, na kwetu vumbi hata ndani ya sufuria iliyofunikwa linaingia. Mvua ikianza alikimbiza viatu kwanza, redio za watu baadaye.

Na kreti ile ya bia ilikuwa ya kukalia tu. Alikuwa Mprotestanti wa kweli, pombe hajaionja. Ila chini ya meza palikaa chupa ya lutuku, ile pombe kali inayopikwa majumbani. Pasta Mukalay aliiona siku alipoleta kipaza sauti cha kanisa.

"Tata Fundi, hii nini?"

"Lutuku."

"Ya nani?"

"Ya mashine."

Pasta alidhani anachezewa. Fundi akaondolewa kwenye kwaya, akakaa viti vya nyuma kiangazi kizima, na hakujitetea hata kwa neno moja. Nilimwambia, "Si ueleze tu?" Akasema, "Nimeisha eleza." Mpaka siku Pasta mwenyewe alipoleta mashine yake ya kaseti, imejaa grisi, naye amekana kupaka kama wengine. Fundi alilowesha kitambaa kwa lutuku, akaisugua polepole mbele yake, akasukuma kitambaa kile cheusi mpaka puani mwake. "Ona, Pasta. Yako inakunywaka kupita ya bapagano." Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye kwaya.

Hakuandika kitu. Mashine zilirundikana kibandani bila karatasi, na mwenye kukumbuka ni za nani nilikuwa mimi. Alinyoosha kidole tu, nami nikisonga unga nikataja. Kijana mmoja alikuja kudai redio nzuri ya mbao. Fundi akanitazama.

"Ile ni ya Tata Kalenga, bwana ya Mama Odette, wa nyuma ya depo," nikasema. "Weye ni Mutombo, mudogo wa Banza. Yako ni hii ya kijani yenye haina antena."

"Huyu mama ni polisi?" kijana akauliza.

"Hapana," Fundi akasema. "Polisi anasahauka."

Kulikuwa na jambo moja nililolijua na sikulisema. Mashine ikipona, Fundi aliiwasha mbele ya mwenyewe, akauliza kwa adabu sana, "Sauti njo hii yako?" Yaani, ndiyo hii sauti yako? Sote tulisifu adabu yake. Halafu siku moja redio ya Tata Kabongo ilikuwa inapiga kelele mpaka wauza mboga wanaziba masikio, na Fundi ameinama pale pale, anauliza taratibu, "Sauti njo hii yako?"

Tata Kabongo akacheka. "Fundi, unataka basikie mpaka Angola?"

Fundi naye akacheka, lakini alichelewa. Alicheka baada ya kutuona sisi.

Kesho yake nikasimama nyuma yake nikasema, "Kiatu chako kinaungua." Mtu yule, na viatu vile, hakugeuka. Nikazunguka nikakaa mbele yake. Alinitazama mdomo muda mrefu. Ujanani alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe, kelele zake zikamharibu masikio, nayo yakazidi kufa pole pole miaka yote ile tukiwa pale.

"Mama Ndaya," akasema, "usiseme."

Sikusema. Tangu siku hiyo akiwasha mashine aliangalia upande wangu. Sauti ikiwa safi niliinua kidole. Ikikwaruza, nilikiinamisha kuelekea unga. Na injini ndogo za ndani alikuwa na njia yake ya kuzisikia. Aliuma kwa meno mpini wa mbao wa turnevisi, yaani bisibisi, ncha ya chuma akaigusisha kwenye mashine, akafumba macho. Sauti ilipanda kwenye meno ikaingia kichwani bila kupita masikioni. Watu walisema ni dawa ya kienyeji. Aliwaacha waseme.

Mimi kaseti ya Ndaya niliipiga kwa nadra, kwa sababu ya Fundi. Aliniambia kila ukipiga, kichwa cha mashine kinakwangua bande kidogo. Nilikuwa nataka kumsikia mwanangu na naogopa kumsikia. Nilifunga kaseti kwenye kitambaa, kitambaa ndani ya sufuria, sufuria juu ya kabati, na bado nilishtuka nikisikia panya.

Halafu shimo la mgodi likatufuata. Lilianza mbali, likaja nyuma ya shule, likaja nyuma ya soko. Nyumba zikapata nyufa. Watu wakapita na rangi nyekundu wakiweka alama kwenye kuta za kuvunjwa, na alama ikawekwa kwangu, na kwenye kibanda cha Fundi ikawekwa kubwa kupita kibanda chenyewe. Tukaambiwa tujitayarishe. Kujitayarisha namna gani, hawakusema. Binti yake Fundi, Mama Rebecca, akatuma habari kwamba atakuja kumchukua aende kukaa naye Tenke.

Kazadi alisema, "Nkambo, tukihama bitu bitapotea. Tuweke sauti ya mama mu telefone." Mimi nkambo yake, bibi yake, nikaona amesema vizuri. Nilitoa sufuria. Alisukuma kitufe, mashine ikakokota kidogo, na mimi niligeuka kuchukua kiti. Nilipogeuka tena alikuwa anafuta vidole kwenye suruali. Kazadi anatengeneza magari makubwa ya mgodi. Kopo liko nyumbani, mimi mwenyewe nalitumia kwa mlango.

Sauti ya Ndaya ikasema "Mama, ni mi," ikazama, ikawa nzito kama ya mwanamume, ikanyamaza. Kupitia kioo kidogo niliona bande inaingia ndani, inajikunja, inaendelea kuingia.

"Zima!"

Alizima. Akafungua, akashika bande kwa vidole viwili ili aivute.

"Usivute!" Nikampiga mkono, mtu mwenye ndevu.

Tuliifunga mashine kwenye kitenge kama mtoto mchanga, na kaseti ndani yake, na nikatembea mbele. Goti langu linauma lakini siku ile sikulisikia. Nilikuwa nahesabu moyoni nani mwingine mjini anajua kaseti. Tata Kyungu amekufa. Kasongo wa stesheni anatengeneza simu. Sikupata wa pili.

Tulipofika soko, gari la mizigo lilikuwa limesimama mbele ya kibanda, na vitu vya Fundi viko juu yake, godoro, makreti, meza imefungwa miguu juu. Mama Rebecca alinikumbatia.

"Mama, aksanti umekuya kumuaga. Tunatoka sasa hivi, chauffeur anaogopa njia."

Dereva alipiga honi. Sote tuliruka. Fundi hakutikisika, alikuwa anafagia mahali ambapo kibanda kilikuwa bado kimesimama. Nikaenda mbele yake anione mdomo, nikafungua kitenge.

"Tata Fundi, imemukula Ndaya."

Aliweka ufagio chini. Akainama, akanusa.

"Nani alipaka?"

"Hakuna mutu alipaka, tata," Kazadi akasema.

Fundi alipitisha kidole, akakinusa tena. "Hii haiko ya mulango. Hii ni ya camion. Gari mukubwa ya mugodi. Weye unafanyaka kazi wapi?"

Kazadi akatazama chini. "Mi njo nilipaka."

"Eheee!" Fundi akapiga makofi mara moja. "Mama Ndaya, umesikia? Toka nianze hii kazi, huyu njo wa kwanza."

Alimwambia dereva angoje. Dereva akasema njia ni mbaya jioni. Fundi hakuwa anamtazama, kwa hiyo kwake dereva hakusema kitu. Kreti ikashushwa, meza ikashushwa. Akafungua mashine, akaiweka tumbo juu. Bande ilikuwa imejizungusha kwenye kijiti cha chuma kama uzi kwenye sindano. Hakuvuta. Alirudisha gurudumu nyuma kwa ukucha wa kidole kidogo, kidogo, anangoja, kidogo tena, na bande ikawa inaachia mviringo mmoja mmoja. Vidole vikagusa bande, vikaacha, vikangoja, vikarudi. Nilitaka kugeuza uso na sikuweza. Dereva alipiga honi nikauma ulimi.

Ilitoka nzima. Ila mahali fulani ilikuwa imekunjamana kama jani kavu. Akailaza juu ya kipande cha kioo, akainyoosha kwa mgongo wa ukucha.

"Ni fasi gani hii?" akaniuliza. "Anasema nini hapa?"

Niliangalia bande ilivyobaki upande huu na upande ule. Naijua kaseti ile yote. "Hapo njo anaongea na Kazadi."

Kazadi alikwenda kusimama nyuma ya gari.

Fundi akasugua grisi kwa lutuku mpaka chuma kikang'aa. Kisha akachomoa ule mpira mdogo, umevimba na kulegea. Haufai. Akafungua kopo lake la mipira ya akiba: yote imeyeyuka, imeshikana kama lami. Akalifunga. Akatazama juu ya gari. Akamwita Kazadi, akamwonyesha kwa kidole mashine yake mwenyewe, iliyofungwa juu ya godoro.

"Papa, ile ni yako!" Mama Rebecca akapiga kelele. "Utasikia nini kule Tenke?"

Fundi alikuwa anamtazama mdomo. "Mi nasikiaka nini?" akasema.

Soko lilikuwa limebaki na watu wachache, lakini wale waliokuwepo waliacha kazi. Muuza mkaa alinitazama mimi. Nilifanya kama sijui kitu. Fundi alikuwa amekwisha kufungua mashine yake na kuutoa mpira.

Kwanza alijaribu na Mutumishi. Hilo lilikuwa jina la kaseti yake ya majaribio, imeungwa ungwa, mahubiri ya nani hata hajulikani. Kaseti ya mtu haikuingia kabla Mutumishi hajaingia na kutoka salama. Magurudumu yote mawili yakazunguka. Aliuma turnevisi, akafumba macho, akasikiliza injini. Akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Mutumishi akatoka.

Ndaya akaingia.

Kazadi aliweka simu karibu, ikawa inakamata sauti. Nilishika ukingo wa meza.

"Mama, ni mi, Ndaya. Niko muzima. Huku Dilolo asubui baridi inauma..."

Niliinua kidole. Fundi aliona. Tukangoja. Bande ikafika kwenye mikunjo, sauti ikatikisika, ikazama, Kazadi akanyoosha mkono.

"Usiguse!" Fundi akafoka.

"...Kazadi, usimusumbue nkambo, unasikia? Mi nakuya."

Ilipita. Ilitetemeka kama mtu anayezungumza juu ya baiskeli, lakini ilipita. Kazadi alichuchumaa chini akaziba uso kwa mikono yake yenye grisi.

Ndaya alikuwa ameanza salamu. Amerithi kwangu, hamuachi mtu. Anasalimia Mama Feza, anasalimia Mbuyu, Tata Kabongo, Mama Odette na bwana yake. Nilimgusa Fundi mkono, nikamwonyesha mashine, nikamwonyesha meno. Alielewa. Aliuma mpini, akaweka ncha pale sauti inapotokea, akafumba macho.

Siku ile Tata Mwamba aliponiletea kaseti nilimwambia Fundi kwamba Ndaya anamsalimia. Lakini kuambiwa na kusikia ni vitu viwili.

Gari liliondoka jua bado liko juu. Alipanda mbele, viatu vyake amevifunga kwenye mfuko wa plastiki. Sijamwona tena. Kibanda hakipo, na nyumba yangu nayo ni shimo. Kazadi aliiweka ile sauti kwenye simu yake, kwenye yangu, na kwenye ya mchumba wake, na bado simu ikiishiwa umeme moyo wangu unadunda mpaka iwake.

Naipiga hapa tulikohamishiwa, watoto wakienda shule. Kuna honi ndani yake, kuna ule ukelele wa "Usiguse", na kamasi za Kazadi. Karibu na mwisho Ndaya anamaliza wote wa soko, anavuta pumzi, anataja jina la mzee yule, kavu, kama alivyoliita akiwa mtoto, na kumuuliza kama yuko mzima. Halafu inasikika sauti ya mtu mwenye kitu mdomoni, maneno hayatoki vizuri, lakini mimi nayajua.

"Eyo, mama. Niko."